Ugomvi Kichwani mwa Euphrasia

Lameck alipooa mke mwingine Bunda na kuhamia huko, Euphrasia hakumfuata wala hakuita wazee. Alibaki Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, na watoto na mashine yake ya kusaga, akiendelea kusaga mihogo na mtama wa watu. Ila kichwani aligombana na mumewe kutwa. Alimwuliza swali, akamjibia mwenyewe, akamtukana, akaanza upya. Mteja alimsemesha mpaka akachoka. Hata kanisani Baba Yetu ilimkatikia njiani.

Jirani yake, Matrida, ndiye aliyempeleka Makoko kwa Sista Stellah, mtawa mzee aliyeongoza kikundi cha tafakuri kila Jumamosi asubuhi. Walikaa kimya, migongo wima, wakirudia neno moja moyoni kwa kufuata pumzi. Mwanzoni Euphrasia alisinzia tu. Siku moja aliuliza kama kelele za kichwani zitaisha kabisa. Sista akamwambia aendelee kukaa.

Kwaresima ilipofika, asubuhi moja akiwa nyumbani, ukimya ukaja. Alisikia kuku, akasikia pikipiki ikipita, asiongeze neno lolote juu yake. Jina la Lameck lilikuja, likapita. Hali hiyo ilidumu wiki kadhaa, naye akaamini amefika. Akaacha kwenda Makoko. Matrida alipomwuliza, alijibu kwamba yeye alishamaliza, wakae wale ambao bado.

Kisha baba yake Lameck akafariki, Butiama. Euphrasia ndiye mke mkubwa, ilimpasa aende. Alipoingia jikoni msibani alimkuta Flora, yule mke wa Bunda, akimimina chai.

"Shikamoo, dada," Flora alisema.

Yote ambayo kichwa chake kilikuwa kimeyapanga kwa miaka yakamtoka mdomoni, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume waliokaa na jeneza. Shangazi yake Lameck alimshika mkono akamtoa nje.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja Makoko.

"Sista, ulinidanganya."

"Nilikuahidi nini?"

Euphrasia alitafuta, hakuona ahadi.

"Nimekaa hivi tangu nikiwa msichana," Sista alisema. "Ukimya unakujaga, unaondokaga. Juzi tu nimegombana na mpishi wetu moyoni tangu mwanzo wa misa mpaka mwisho, na yeye hana habari."

"Sasa tunakaa kwa nini?"

"Zamani nilikuwaga najua nimekasirika baada ya kumwumiza mtu. Siku hizi mara nyingine najua mapema."

Jibu hilo halikumridhisha. Lakini Jumamosi alikwenda, kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi.

Siku ya kumaliza matanga alirudi Butiama. Flora alikuwa nyuma ya nyumba akimenya mihogo, na alipomwona akainamisha kichwa. Euphrasia alisikia ugomvi ukianza ndani yake, sentensi ya kwanza ikiwa tayari. Akasimama mpaka ikapita. Kisha akaketi kwenye mkeka, akachukua kisu, akamenya. Baadaye aliomba radhi kwa yale ya siku ile.

"Lameck aliniambia wewe ndiye uliyemwacha," Flora alisema. "Ningejua, nisingekubali."

Euphrasia alimaliza kumenya mhogo aliokuwa nao mkononi. Alirudi nyumbani na hasira mpya, kubwa kuliko ya kwanza, na wiki ile hakupata hata chembe ya ukimya. Lameck alipofika Buhare kujitetea, baada ya Flora kumwuliza, Euphrasia alimwambia alichosikia, bila kupaza sauti, akamwomba aondoke.

Bado anakwenda Makoko. Matrida ameacha, anasema rozari inamtosha. Akina mama wapya wakimwuliza Euphrasia kama kichwa chake kimenyamaza, huwaambia kinanyamaza siku nyingine, na siku nyingi hakinyamazi. Baadhi yao hawarudi tena. Flora humpigia simu kutoka Bunda siku za Jumapili, wakaongea habari za watoto wa nyumba zote mbili.