Landrova ya Babu na Pijo ya Mwalimu

Mwezi uliopita nilikwenda Isiolo kwa harusi ya binti wa binamu yangu, na gari tulilokodi likapata pancha karibu na Chechelesi. Tukalisogeza polepole hadi kwa fundi mmoja mwenye kiwanja cha wazi. Pale nikakuta magari matatu ya zamani yamefunguliwa kwa mpigo: moja halina boneti, moja halina milango, la tatu limekalia mawe. Nikamuuliza fundi lipi litatembea kwanza. Akasema, "Zote, mama. Nashughulikia zote pamoja." Nilicheka mpaka akanuna, ikabidi nimwombe radhi. Angejuaje kwamba nimelelewa na mtu wa aina yake?

Ungemjua baba yangu, ungempenda. Alikuwa na duka la vitambaa sokoni, mtu mpole wa kupima marekani kwa rula ya mbao kutwa nzima, na jioni akifika nyumbani anavua shati safi na kuingia chini ya gari. Alipenda magari makuukuu kuliko alivyopenda nyama, na nyama aliipenda sana. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuanza. Siku ya kwanza ya gari, baba alikuwa bwana harusi. Alifungua boneti kwa bismillahi, akanusa injini, akatuita wote tuje tuone. Siku ya arobaini, kazi ikishabaki kusugua kutu kwa msasa na kungoja gasketi kutoka Nairobi, hamu ilikuwa imekwisha, na macho yake yameshaanza kutafuta gari jingine barabarani.

Tuliishi Kiwanjani, katika nyumba ya mabati yenye ua mpana wa mchanga. Mbele ya dirisha la ayeyo ilisimama landrova. Ayeyo ndivyo sisi Wasomali wa Isiolo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake baba, mjane wa askari wa zamani. Babu aliinunua landrova ile kwa afisa mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, akaiendesha mpaka ikagoma. Alikufa kabla ya kuitengeneza, na kabla ya kutimiza ahadi aliyompa mkewe, kwamba atampeleka Garba Tulla akamwone mdogo wake aliyeolewa huko. Baba akarithi gari na ahadi kwa pamoja.

Ahadi ile ilikuwa na haraka yake. Mdogo wake ayeyo alikuwa anapoteza macho, na daktari aliyepita huko alikuwa amesema hakuna dawa. Malori ya Garba Tulla yalikuwepo, lakini ayeyo aliwahi kuvunjika nyonga na hakuweza tena kupanda ngazi ya lori, hata ile ya kuingilia mbele kwa dereva. Landrova ilikuwa ya chini zaidi, angeweza. Nakumbuka alivyokuwa akisema, ameketi kwenye ngozi yake ya mbuzi, "Mimi nitamwona tu, hata akiwa kipofu. Ni yeye hataniona." Basi ndiyo maana kila nati iliyokaza kwenye gari lile ilikuwa na maana nyumbani kwetu.

Nilikuwa darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa kuosha nati na bolti kwa mafuta ya taa kwenye sufuria iliyotoboka sikio, kisha kuzipanga kwenye makopo: za breki huku, za springi kule. Mikono yangu ilinuka mafuta ya taa hata ndani ya usingizi. Mama, ambaye alikuwa Mborana na ndiye aliyefanya Kiswahili kiwe lugha ya nyumba yetu, alinikataza kabisa kugusa unga wa anjera. "Sitaki chakula iwake moto tumboni," alisema. Mimi sikulalamika. Nani anapenda kukanda unga alfajiri?

Kazi ilikuwa inakwenda. Chasi ilishachomelewa, breki zilishashika, injini ilishakohoa mara mbili. Ndipo mwalimu wetu akapata uhamisho. Alikuwa jirani yetu, Mmeru mwenye sauti nzito, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na pijo ya rangi ya maziwa ambayo haikuwa imewaka kwa miaka. Alikuja jioni, akapiga hodi, akasema, "Ndugu yangu, hii pijo nakuachia wewe. Nikiivuta mpaka Meru watu watanicheka." Baba aliitazama kama mtoto anavyotazama halua. Vijana wa mtaa wakaisukuma hadi uani kwetu kwa kelele, na ayeyo akafunga dirisha lake.

"Naigusa kidogo tu, Hooyo," baba alimwambia mama yake. "Nasikiliza injini." Wiki moja baadaye betri ya landrova ilikuwa ndani ya pijo. Wiki ya pili zikafuata plagi na mpira wa rejeta. Alikuwa anamvua mmoja kumvika mwingine. Ayeyo alimkumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka, na baba akaitikia vizuri sana, "Kweli kabisa, Hooyo," huku kichwa kikiwa ndani ya boneti ya pijo.

Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wa pijo. Viti vyake vilikuwa laini, na vioo vya dirisha viliteremka kwa kuzungusha mkono. Baba alikuwa ameniahidi kwamba siku itakayowaka, mimi ndiye nitakayekaa mbele tukizunguka mji mzima, tupite shuleni taratibu, wasichana wa darasa langu wakitazama. Nilikuwa naiota safari ile. Landrova ilikuwa ya wazee, imepakwa kijani cha jeshi, na ukikaa ndani mgongo unalia.

Barua ya Garba Tulla ilifika mwezi wa Rajabu, mkononi mwa dereva wa lori kama kawaida. Mdogo wake ayeyo hakujua kuandika wala ayeyo hakujua kusoma, kwa hiyo barua zao ziliandikwa na mtoto wa shule kule na kusomwa na mtoto wa shule huku. Mtoto wa huku alikuwa mimi. Baba alikuwa dukani, mama amekwenda kuteka maji. Nikaketi karibu na ngozi ya ayeyo, nikasoma salamu, nikasoma habari za mvua, nikasoma habari za ngamia aliyezaa. Kisha jicho langu likatangulia mbele, likaona mstari huu: *Mwambie dada yangu jicho la kulia limezima na la kushoto linafuata. Kama anataka nimwone, asikawie.*

Nilijua mara moja kitakachotokea. Nikisoma mstari ule, ayeyo atasimama uani na fimbo yake, betri itarudi landrova siku hiyo hiyo, na pijo yangu itangoja mpaka nizeeke. Nikaruka mstari, nikasoma uliofuata, wa kuwasalimu majirani wote. Ayeyo akaichukua barua, akaikunja mara nne kama alivyozikunja zote, akaitia ndani ya sanduku lake. "Umesoma vizuri," akaniambia. Nilikwenda kuosha nati, na nikaziosha zile ambazo zilishaoshwa.

Rajabu ikaisha, Shaabani ikaisha, na pijo haikuwaka. Kuamkia siku ya kwanza ya Ramadhani, ayeyo alifanya jambo ambalo mtaa mzima ulilisimulia baadaye. Alichukua kuku wake mwekundu aliyekuwa anataka kulalia, akamtandikia majani makavu kwenye kiti cha nyuma cha pijo, akampa mayai kumi na mawili. Baba aliporudi kutoka dukani, akashika spana yake, akamkuta mama yake ameketi mlangoni mwa gari.

"Hii kuku imelalia mayai," ayeyo akasema. "Wewe uko na roho ya kuitoa? Mwezi wa Ramadhani?"

Unajua vile ilivyo kwetu. Kuku aliyelalia hasumbuliwi, hapigiwi nyundo kichwani, wala hahamishwi, mayai yasije yakaharibika. Mama alikuwa jikoni anakaanga sambusa, nikamsikia akicheka mpaka akapaliwa. Baba akachomoa betri polepole, bila kumgusa kuku, akairudisha landrova.

Lakini hamu hairudishwi kama betri. Siku mbili za mwanzo alizunguka tu, anapiga tairi teke. Ndipo ayeyo akampa dawa ambayo mimi mwenyewe naitumia hadi leo. Kila siku kabla ya adhana ya magharibi, tende zikiwa kwenye sahani na uji umeshapoa, baba alitakiwa amwonyeshe kitu kimoja kilichokwisha. "Usiniambie gari," alisema. "Gari ni kubwa, itakuchosha. Niambie leo umemaliza nini." Siku moja ilikuwa bawaba ya mlango. Siku nyingine kioo, siku nyingine waya wa taa ya kushoto. Ayeyo alikwenda na fimbo yake, akagusa, akafungua na kufunga, akasema mashallah. Siku baba asipokuwa na kitu cha kuonyesha alimiminiwa chai bila tangawizi wala sukari, na sisi watoto tukamtazama anavyoinywa. Haikutokea zaidi ya mara tatu. Bandu bandu huisha gogo, na vifaranga walipototolewa baba alikuwa ameshasahau kwamba anayo pijo, ingawa ayeyo, mwanamke wa tahadhari, alishaweka kuku wa pili.

Landrova iliwaka siku tatu baada ya Idi. Mungu wangu, furaha ile! Baba alilia wazi wazi, grisi mashavuni, na mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani tuna harusi.

Tuliondoka alfajiri: baba, ayeyo mbele, mimi na mama nyuma na kibuyu cha maziwa na kopo la nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa ikakauka ambayo haiharibiki safarini. Ayeyo alikuwa amejipamba. Hina vidoleni, mtandio mpya, nguo imefukizwa ubani, na wanja machoni, mwanamke wa umri ule. Alitaka aonekane. Njiani vumbi liliingia kila mahali, na kila baada ya muda alijifuta uso kwa pembe ya mtandio, taratibu, asiharibu wanja. Nilikuwa nyuma yake nikimtazama, na ule mstari nilioruka ukinirudia.

Tulifika mchana. Mdogo wake alikuwa kivulini mwa nyumba yake. Alisikia gari, akainuka, akatembea kuja kwetu akitabasamu, na tabasamu lile alikuwa amelielekeza kwenye tairi ya akiba.

"Abaayo?" akaita. Dada yangu?

Ayeyo aliteremka, akaenda akasimama mbele yake. Yule mwingine akampapasa paji la uso, pua, mashavu, kisha akajinusa vidole vyake vilivyochafuka. "Umejipaka wanja! Mzee mzima!" Wakacheka wote wawili, wakashikana, wakacheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine. Mama akaniondoa pale.

Baadaye, kwenye chai, mdogo wake akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwezi wa Ramadhani niliuona mwenyewe. Wa Idi nikaambiwa." Kisha akasema, "Lakini si nilikuandikia? Nilimwambia mtoto aandike jicho moja limekwenda, usikawie."

Nilikuwa nimeshika birika. Baba akainua kichwa. Ayeyo akanigeukia, akanitazama usoni, na nikajua kwamba amejua. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Ilifika," akasema. "Nilisomewa yote, neno kwa neno. Ni gari ilichelewa."

Baba akainamisha kichwa. "Ni mimi," akasema. "Ni ile pijo." Na siku ile ile, tukirudi, akamuuliza mama yake mbona hakumwambia habari ya jicho. Ayeyo akamjibu kwamba angemwambia angefanya kazi ya haraka, na kazi ya haraka ingewaacha porini. Baba akaamini. Aliibeba hatia ile mpaka kaburini, naye hakufungua tena boneti ya pili kabla ya kufunga ya kwanza. Watu walimsifu kwa subira yake. Mimi nilisikia sifa zile nikatamani ardhi inimeze.

Baada ya wiki tatu barua nyingine ilikuja. Kulikuwa na binamu zangu wawili hapo uani, wote wanajua kusoma. Ayeyo aliwapita wote akanipa mimi. Nilisoma kila neno, hata salamu za watu nisiowajua, hata pale mwandishi alipokosea akafuta.

Siku hizi ule ua wa mchanga ni safu ya vyumba vya kupangisha, na hakuna dereva anayebeba barua kifuani. Mtoto wa shule hasomei tena bibi yake habari za ngamia. Bibi anapigiwa simu, anaambiwa mwenyewe. Ni vizuri, nadhani. Hakuna mtu wa katikati wa kuruka mstari. Lakini hakuna pia wa kusamehewa namna ile, mbele ya watu, bila mtu kujua kilichosamehewa.

Nilikusudia kumwambia ayeyo kuhusu ule mstari. Nilikusudia Ijumaa, halafu Ijumaa iliyofuata, halafu baada ya mitihani. Nilianza mara nyingi: nilimletea maji ya udhu, nilimkanda nyonga, niliketi kwenye pembe ya ngozi yake nikafungua mdomo, nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Ayeyo alinitazama, akangoja, akasema ndiyo, niweke tangawizi. Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya mvua, na mimi nilikuwa bado natafuta pa kuanzia.