Marahaba ya saa nne

Jua la kijiji cha Unyambwa halijapanda vizuri, na Felista Amosi ameegemea ukuta wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, anajinyoosha. Anainama kidogo, anasimama, anainama tena, uso umemkunjamana kwa maumivu. Kisha anabeba ndoo ya kwanza ya mbegu kuipeleka kwenye mashine.

"Mgongo wangu nikiupumzisha ndiyo unakaza," anasema. "Nikiuchapisha kazi, unalegea."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwao mkaza mwana hupiga goti akimwamkia mama mkwe. Felista, mwenye umri wa miaka 28, akiamka hakuweza kujikunja. Akatoa shikamoo akiwa wima kama mchi. Kufikia saa nne alipiga goti bila shida.

"Nilimwambia mwanangu, huyu mkeo adabu yake inaamka saa nne," anakumbuka mama mkwe, Dorika.

Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia apumzike. Eksirei ikaonyesha mgongo hauna tatizo. Maneno yakazidi: mvivu, tena muongo. Felista alilia, ila hakukubali.

"Mwili ni wangu. Nilijua kuna kitu."

Mumewe, Antipasi, aliuza alizeti ya msimu mzima, wakaenda Dodoma kupima MRI. Daktari akawaonyesha weupe kwenye picha, pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Ni baridi yabisi ya mgongo, akasema. Eksirei huiona ikishaharibu mfupa. MRI huuona uvimbe mapema. Ikiachwa, pingili zinaweza kushikana, asiiname tena maisha yake yote.

"Ugonjwa mbaya, lakini nilicheka," anasema Felista. "Nilikuwa nimeshinda kesi."

Sasa anameza dawa za kutuliza uvimbe, na mazoezi hayafanyii mzaha. Dorika alipoambiwa, aliona aibu. Akamwambia aache kabisa kupiga goti. Felista akakataa katakata.

"Basi marahaba yako nitakutunzia mpaka saa nne," mama akamjibu. Tangu hapo humletea uji kiwandani saa hiyo.

Leo Dorika amewahi. Ni saa mbili tu. Felista anatua ndoo, anashuka polepole, goti linagusa mashudu ya alizeti yaliyomwagika chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usijiumize."

Felista anainuka mwenyewe, anakataa mkono.

"Nataka siku moja nimwamkie kwa goti mlangoni kwake," anasema, "kabla kuku hawajatoka bandani."