Ufunguo Ndani ya Sabuni

Binti yangu anafanya kazi ya kompyuta Bujumbura. Juzi alinieleza wezi wa siku hizi: hawavunji mlango. Wanapenyeza kijiprogramu kwenye mashine ya karani mdogo, kinanakili neno lake la siri bila yeye kujua. Kisha wanaingia kwa jina lake na kupekua mpaka wapate neno la siri la mkubwa. Lawama inabaki kwa karani. Alidhani ananifundisha jambo jipya. Kumbe wizi huo niliufanya mwenyewe hapa Rumonge, mwaka wa Uhuru, kwa kipande cha sabuni.

Tulikuwa wanawake wa chama cha lelemama, ngoma yetu ya arusi na sikukuu. Rafiki yangu, jirani yangu tangu utoto, alichaguliwa kutunza kasha la shanga. Mimi sikuchaguliwa kitu. Alitembea na ufunguo shingoni kama kidani cha dhahabu, na kila nilipouona roho iliniuma. Alinizidi nini? Sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko yake, na mpaka leo nasema hivyo.

Siku moja tulipika sabuni ya mawese uani kwake. Anayekoroga huvua vya shingoni, visije vikatumbukia kwenye maji ya majivu. Akautundika ufunguo msumarini, akaenda kutafuta kuni. Nikaugandamiza kwenye sabuni ya jana yake, ilikuwa bado laini, upande huu na upande ule, nikaufuta, nikaurudisha. Fundi wa kufuli sokoni alinichongea wa pili bila kuuliza.

Siku kiongozi wetu, mama mkubwa wa chama, alipotoka, nililifungua kasha nyumbani kwake; chini ya shanga alikuwa ameficha ufunguo wa kabati lake. Kwa hiyo ufunguo mdogo ulinipa mkubwa. Kabatini mlikuwa na nguo yake mpya ya siku ya Uhuru. Niliimwagia mawese, doa jekundu lisilotoka hata uchemshe, nikafunga kila kitu kama nilivyokikuta.

"Ufunguo ya kasha iko kwako peke yako," mama mkubwa alimwambia rafiki yangu mbele yetu sote. "Nani mwingine aliingia?"

Aliapa, akalia. Hakuna aliyemsadiki, na mimi nilitazama chini. Siku ya Uhuru alibaki nyumbani, nami nikacheza mstari wa mbele na ufunguo wa kasha, niliokabidhiwa mimi sasa, shingoni. Wivu haukuisha. Watu walianza kumwonea huruma, basi nikaionea wivu hata hiyo huruma.

Mwaka wa sabini na mbili, mambo yalipoharibika na watu wakaanza kuuawa, mume wake alitoka na hakurudi. Asubuhi moja rafiki yangu alikuja mlangoni kwangu na mzigo kichwani. Mtumbwi wa kuvuka ziwa ulikuwa unamsubiri.

"Dada, chunga nyumba yangu," alisema. "Wakati ule wa kasha wote waliniita mubaya. Weye tu hukusema kitu. Mi nakuamini."

Akanivika shingoni ufunguo wa mlango wake. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Nenda salama."

Hakurudi. Nyumba ina wenyewe wengine sasa, na kufuli nyingine. Ufunguo wake ninao.