Mimi Ndiye Niliomba Polisi Wapekue Masanduku ya Watoto

Admin, ukiweka hii toa jina langu, na la shule pia. Mimi ni mama wa miaka 42, nachuma majani chai huku upande wa Kianjokoma. Binti yangu yuko kidato cha pili kwa shule ya bweni kule Meru. Nimechoka, hata machozi yameniisha.

Muhula uliopita wasichana fulani walipatikana na petroli bwenini, walitaka kulichoma. Kwa mkutano wa wazazi mimi ndio nilisimama nikasema, "Walimu wamelemewa! Siku ya kufungua waletwe polisi, kila sanduku limwagwe!" Nilipigiwa makofi, wueh, nikajiona mtu wa maana.

Sasa, mtoto wangu alizaliwa na virusi. Alivipata kwangu. Anameza ARV kila siku, na shuleni aliyejua ni sista wa zahanati pekee, naye alishahamishwa. Hizo tembe huwa nazitoa kwa chupa yake naziweka kwa mkebe wa mafuta ya kujipaka, na pamba juu zisipige kelele. Hata siku hiyo ya kufungua nilizipanga hivyo kwa mkono wangu mwenyewe. Kichwa yangu ilikuwa wapi?

Langoni askari mmoja, mama wa rika langu, akafungua mkebe akatoa pamba. "Hizi ni nini, na mbona zimefichwa hivi?" Foleni yote ikageuka. Mtoto akaniangalia, halafu akasema, "Ni madawa ya kulevya, afande. Nilitaka kuuza."

Nami nikanyamaza. Jameni, nilinyamaza! Nilisimama pale nimeshika godoro lake wakimpeleka ofisini.

Amesimamishwa masomo, na hizo tembe hakuna aliyezipima bado. Ijumaa bodi inaamua kama atafukuzwa na kushtakiwa. Nilimchukulia dawa zingine kliniki na anameza. Nilipomwambia nitamweleza mwalimu mkuu ukweli, alisema, "Mum, Ijumaa afande atakuwa hapo ndani ya bodi, na mwakilishi wa wazazi ni jirani yetu. Muuza madawa husamehewa. Hiyo ingine hawasahau. Ukisema, mimi na shule basi."

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nyinyi mliozaa, niambieni tu, Ijumaa niongee ama ninyamaze tena? Amekaa jikoni tangu asubuhi akingoja nimuahidi kwamba sitasema.