Protini Iliyoshika Plastiki

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mbuzi nimshike shingo. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha maabara, nimevaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, akanipeleka zizini nyuma ya jengo.

"Mwikali," akasema, "kazi yetu inaanzia hapa. Mshike vizuri, asiogope."

Wakati huo nilipanga chumba mtaa wa Huruma, karibu na soko la Kiamaiko, kwa hiyo mbuzi hawakuwa wageni kwangu. Ila wale wa Kiamaiko walikwenda kuchinjwa, na hawa wetu walikuwa na majina na walizeeka mikononi mwetu. Tuliwadunga sumu ya swila, yule nyoka anayetema, kidogo sana mwanzoni, kisha tukaongeza taratibu kwa miezi. Mwili wa mbuzi ulijibu kwa kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazoishika sumu na kuizuia isidhuru. Tulitoa damu kiasi, tukaiacha igande, tukachukua maji yanayobaki juu. Hayo maji ndiyo seramu.

Seramu ya namna hiyo ilimwokoa kaka yangu Kimanzi kule Mwingi, alipoumwa na nyoka mkononi akipanga kuni. Lakini siku chache baadaye alivimba uso na viungo vikamkaza, kwa sababu mwili wake ulizikataa protini za mnyama. Alipona. Nilipomsimulia Mkuu, alivua miwani yake.

"Tunamwokoa mtu kwa kitu kinachomwumiza," akasema. "Lazima iko njia nyingine, ila mimi siijui."

Alistaafu bila kuijua. Miaka kadhaa baadaye nikahamishiwa kitengo kipya, chini ya Mtafiti Mkuu, mwanamke niliyemzidi umri, ambaye sote tulimwita Daktari. Huko hapakuwa na zizi. Alinikalisha na kunieleza kwamba tutaunda wenyewe protini za kushika sumu, bila kumdunga mnyama yeyote.

"Mama, tunaanza na kiunzi," alisema. Kiunzi ni protini ndogo, imara, isiyoharibika upesi hata ukiipasha moto. Sehemu yake kubwa huiachi ibadilike. Unabadilisha vitanzi vichache tu vya mbele, kwa kupanga upya vipande vinavyoviunda. Kila mpangilio hukupa protini yenye umbo lake, na mipangilio ni mingi kupita kiasi. Kila protini tuliibandika juu ya kirusi kisichodhuru watu, aina inayoambukiza bakteria tu, na ndani ya kirusi hichohicho mlikuwa na maagizo ya kuitengeneza tena.

Baada ya hapo ni kuchuja. Unapaka sumu kwenye sahani ya plastiki yenye visima vidogo, unamimina virusi, unasuuza. Visivyoshika vinaondoka na maji. Vilivyobaki unavikuza ndani ya bakteria, unarudia. Mwishoni unaweka dawa ya rangi, na kisima ambacho protini imeshika kinageuka buluu.

Protini yetu ya kumi na saba iligeuza visima buluu kuliko zote. Daktari aliandika ripoti, na Mkurugenzi akaitisha kikao cha kuamua kama ipelekwe kwenye majaribio ya wanyama. Tulijaa matumaini. Mimi nilimpigia hata Kimanzi simu.

Ijumaa moja mchana, siku tatu kabla ya kikao, nilikuwa nikirudia kipimo na sumu ikaniishia kabla ya safu ya mwisho. Nikaacha safu hiyo tupu, ila kwa mazoea ya mkono nikaipitisha hatua zote kama nyingine. Ilipofika rangi, safu tupu nayo ikageuka buluu, sawa kabisa na zile zenye sumu.

Nilikaa chini. Protini ile haikuwa imeshika sumu. Ilishika plastiki ya sahani. Na mimi ndiye niliyeacha kuweka visima vitupu vya kulinganishia tangu mwanzo, ingawa nilifundishwa kuviweka, kwa sababu sahani zilikuwa chache na nilitaka kuzitumia vizuri. Ningeweza kuimwaga ile safu, na hakuna ambaye angejua. Nililifikiria hilo, siwafichi. Kisha nikambebea Daktari sahani yenyewe.

Aliiinua akaitazama kwenye mwanga. "Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi Jumatatu tutawaambia wote."

Kikaoni Daktari alieleza kosa bila kutaja jina. Mkurugenzi akauliza, "Nani aliacha kuweka hivyo visima vitupu?"

"Ni kitengo changu," Daktari akasema.

Nikasimama. "Ni mimi, Mkurugenzi."

"Na aliyegundua ni nani?"

"Ni mimi pia."

Alifunga faili lililokuwa mbele yake. "Basi rudini kazini," akasema.

Tulianza upya. Safari hii tulimimina virusi kwanza kwenye sahani isiyo na sumu, tukavitupa vyote vilivyoshika, na vilivyosalia tu ndivyo tukavipeleka kwenye sahani yenye sumu. Zilibaki protini chache zilizoshika sumu, tena kwa udhaifu. Tulizibadilisha vitanzi kidogo kidogo, tukapima, tukabadilisha tena, kwa zaidi ya mwaka. Siku tulipochanganya mojawapo na sumu na kumwagia seli zilizo hai, Daktari alinisogezea hadubini kabla yeye mwenyewe hajatazama. Seli zilikuwa zimebaki nzima.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Umoja. Chini ya nyumba yetu pana duka la vitambaa la Mama Halima, na mara nyingi huniuliza habari za kazi hiyo. Wiki iliyopita aliniuliza tena.

"Mama Kyalo, ile dawa yenu imefika hospitali?"

"Bado. Wanaijaribu kwa wanyama."

"Na haikuumi, kuondoka kabla haijaisha?"

Nilimwambia ukweli, kwamba inaniuma kidogo. Lakini niliwahi kufanya kazi na watu walioniacha nikosee na bado nibaki kazini, na hilo si kila mfanyakazi hulipata. Walioko maabara leo wanajenga juu ya kitu nilichokipima kwa mikono yangu, na najua kwamba kinashika sumu.