Bata Mzinga wa Karatasi

Harufu ya baruti ikinijia, hata ile ya fataki za mwaka mpya, mimi hukumbuka bata niliyemchora nikiwa mdogo. Msinicheke bado.

Tuliishi Cedar Hill, huko ughaibuni. Mama alikuwa nesi wa zamu ndefu, na nyumbani nilizoea kumwona amelala. Majira ya kuchipua mwenzake kazini akamruhusu kuwinda bata mzinga shambani kwake, na mama akaniahidi twende pamoja, mimi na yeye tu, siku nzima. Kwanza, alisema, tuijaribu bunduki kwenye karatasi. Ilikuwa bunduki ya marisau, inayomwaga punje nyingi kwa mkupuo mmoja, na alitaka kujua zinaangukia wapi. Babu, Mkamba aliyewinda kwa upinde, alimfundisha kwamba kumjeruhi ndege akaenda kufia vichakani ni dhambi. Bunduki ikikataa, hakuna safari.

Kazi yangu ilikuwa kuchora kichwa cha bata mzinga. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilisikia "bata", nikachora bata, mdomo bapa na yote, nikampaka rangi ya manjano.

"Ai! Kwani huyu ni nani?" Mama alicheka mpaka akaegemea gari.

"But you said bata!"

"Bata mzinga, mami. Turkey! Haya, leo atakuwa turkey."

Tukaibandika karatasi kwenye boksi mbele ya tuta la udongo, tukaziba masikio, nami nikasimama nyuma yake. Akafyatua. Tulipokwenda kutazama, punje zilikuwa zimetawanyika pembeni kote na bata wangu yu mzima. Nililia, wala si kidogo. Niliona siku yangu na mama inaponyoka.

Mama hakuilaumu bunduki. Alisogea mbele, akajaribu, akasogea tena. Safari hii kichwa kikajaa matundu.

"Hapa sawa," akasema. "Akiwa mbali kuliko hivi, tunamwacha aende zake."

Na kweli, siku ya siku ndege alisimama mbali, akajivimbisha kwa maringo, mama akashusha bunduki. Tukala chapati zetu majanini, tukapiga soga hadi jioni. Nilifurahi ajabu.

Utotoni niliamini kwamba bunduki ndiyo iliyobadilika ikakubali. Kumbe bunduki ilikuwa ileile. Mama ndiye aliyesogea. Siku hizi nami nafanya kazi ya zamu, na juzi niliomba kubadilishiwa, ili mwanangu akitoka shule anikute macho.