Masaa Aliyoomba Zuleha

Zuleha alilelewa Kigombe, kijiji kando ya ghuba, akafundishwa asijaze sahani. Hata sasa, akiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, akipakuliwa wali nyumbani kwa shangazi yake Mwatumu huko Ngamiani, Tanga mjini, husema umetosha kabla kijiko hakijarudi sufuriani.

Tabia hiyo aliipeleka hadi kwenye kompyuta za chuo. Ziko Dar es Salaam, mashine nyingi zilizounganishwa, na watafiti wote wanagawana. Hukai tu ukaanza kazi. Unaandika faili fupi la maombi, ukitaja unataka mashine ngapi na kwa masaa mangapi, kisha unaingia kwenye foleni. Masaa uliyoomba yakiisha, kazi inakatwa, hata kama imebakiza dakika moja.

Alikuwa akikokotoa joto la maji katika ghuba nne za pwani ya Tanga, ajue ni wapi mwani, kama ule anaolima mama yake, utaendelea kuota. Matokeo yalitakiwa Ijumaa saa kumi jioni. Akikosa, utetezi wa tasnifu yake ungesogezwa mwaka mzima.

Jumatatu aliomba masaa manane, ili na wengine wapate. Kazi ilikatwa ikiwa asilimia arobaini, na yote yakapotea, maana programu yake haikuhifadhi chochote njiani. Jumanne akaomba kumi. Ikakatwa ikiwa nusu.

Godlisten, anayesoma naye, alimcheka kwenye simu.

"Dada, unaomba kama mgeni anayeona haya kumaliza mboga ya watu. Mimi huomba siku tatu, basi."

Jumatano, kwa hofu, naye akaomba siku tatu. Alhamisi asubuhi akatazama foleni: hakuna mashine ambayo ingekuwa wazi muda mrefu hivyo kabla ya Jumamosi. Akafuta ombi, akapoteza nafasi yake, akaandika masaa ishirini na mawili. Ingeanza Ijumaa alfajiri. Akiomba kidogo inakatwa. Akiomba ya kutosha haianzi kwa wakati. Alikaa mkekani kompyuta ikimchoma mapaja, na shangazi alipomwita chai akajibu yuaja, asiende.

Mashine mbili zilikuwa zimeshikwa na kazi ya Godlisten. Zuleha alitumia karibu saa nzima kuandika ujumbe wa mstari mmoja, kumwomba aachie moja. Jibu likaja upesi: zote mbili ziko kazini, akizikata naye anaanza upya.

"Samahani, Zule. Ungeniambia Jumatatu."

Akafungua orodha ya ghuba zake, akafuta tatu, akabakiza ya Kigombe. Ghuba moja ilihitaji masaa matano. Akaomba sita, na kazi ikaanza pale pale, katika upenyo uliokuwa mdogo mno kwa wengine.

Ijumaa saa nane mchana, upenyo mwingine ukiwa haujatokea, alituma matokeo ya Kigombe peke yake. Msimamizi wake aliyapokea, ila akasema hatamsemea. Jumanne Zuleha asimame mwenyewe mbele ya watahini watano, awaeleze ghuba tatu ziko wapi.

Shangazi alimuuliza kama kazi imekwisha. Akasema imekwisha, akarudi kuandika atakachowaambia, akakifuta, akaandika tena.